Uzamili wa Elimu ya Watu Wazima kwa Masafa: Kozi ya "Masuala ya Sasa" Inastahili Ada Yake?

Karibu kila chuo kinachotoa uzamili wa elimu ya watu wazima kwa masafa kina kozi ile ile iliyobadilishwa jina kidogo: masuala ya sasa, mijadala ya sasa, mielekeo mipya. Ukurasa wa udahili huieleza kwa mistari mitano, kisha unafuata ukurasa wa ada. Ofisa elimu ya watu wazima wa wilaya, mkufunzi wa chuo cha ufundi au mratibu wa shirika anayetaka kujiunga hapati pa kushika. Hapa tunaipima kozi hiyo kama huduma nyingine yoyote inayouzwa: kilichomo ndani, saa inazokula, inavyoendeshwa, na wapi inamwangusha mwanafunzi anayeisoma akiwa Singida au Kakamega.

Msimamo wetu tuutoe mapema. Kinachouzwa hapa si matini. Taasisi ya UNESCO ya Ujifunzaji wa Maisha iliyoko Hamburg imetoa ripoti tano za dunia kuhusu ujifunzaji na elimu ya watu wazima, za 2009, 2013, 2016, 2019 na 2022, na zote unazipakua bila senti. Mpango wa Utekelezaji wa Marrakech, uliotoka kwenye mkutano mkuu wa UNESCO wa elimu ya watu wazima wa 2022, uko bure, na Pendekezo la UNESCO la 2015 kuhusu elimu hiyo liko bure. Ukizikusanya hizo pamoja na makala huria za miaka ya karibuni, unakuwa umeshika sehemu kubwa ya orodha ya kusoma ya kozi ya namna hii. Unacholipia ni msomaji: mtu anayeijua fani, anayezipitia kurasa zako na kukuonyesha hoja imevunjikia wapi kabla hujaanza kazi inayofuata. Kozi yenye msomaji wa hivyo inastahili ada yake hata kama tovuti yake ni ya kizamani. Isiyo naye ni maktaba ya kulipia.

Inakopatikana

Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani, kupitia tawi lake la World Campus, hutoa uzamili wa ujifunzaji wa maisha na elimu ya watu wazima wenye krediti 30, wote mtandaoni. Mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Linköping cha Sweden, British Columbia cha Kanada, Western Cape cha Afrika Kusini na chuo kimoja cha Sydney vilianzisha mpango wa pamoja wa ujifunzaji wa watu wazima na mabadiliko ya dunia. Mwanafunzi husajiliwa chuo kimoja, husoma na wenzake wa mabara mengine, na shahada hutolewa na chuo alikosajiliwa. Washirika wamebadilika tangu hapo, kwa hiyo hakikisha ni chuo gani kinapokea waombaji mwaka unaotaka kuanza. UNISA ya Afrika Kusini imo katika ufundishaji wa masafa tangu 1946. Na nyumbani kipo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kazi 1993, chenye vituo mikoani na ada inayotajwa kwa shilingi.

Mtindo wa Kimarekani una mpangilio mzuri: kila wiki unajua unasoma nini, unaandika nini, na alama zinagawanywaje. Mtindo wa mabara kadhaa una majadiliano yenye uhai zaidi, ila kazi za vikundi zinachosha. Chuo cha nyumbani kinakupa kitu ambacho wengi hukidharau hadi wakikose: huhitaji kumwelezea mhadhiri MEMKWA (mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa) ni nini, wala kwa nini darasa la ngumbaru linapungua msimu wa kilimo.

Jambo moja lifanywe kabla ya kulipa hata ada ya maombi. Hakikisha kuwa chuo kina ithibati katika nchi yake, kisha iandikie mamlaka ya elimu ya juu ya nchi yako, TCU kwa Tanzania, CUE kwa Kenya, NCHE kwa Uganda, uulize kama shahada hiyo, ikisomwa mtandaoni, itatambuliwa. Taja jina kamili la shahada na njia ya usomaji. Hifadhi jibu la maandishi. Kumuuliza ofisa wa udahili wa chuo chenyewe hakutoshi; yeye anauza.

Saa inazokula

Matangazo husema "kwa muda wako mwenyewe". Hesabu inasema vingine. Kozi ya krediti 3 za Kimarekani ni kama saa 135 za kazi: saa 9 kwa wiki ikienda wiki 15, na karibu saa 17 ikibanwa kwenye wiki 8. Kozi ya krediti 15 za Ulaya ni saa 400 hivi, yaani saa 20 kwa wiki kwa wiki 20. Katika mfumo wa TCU krediti moja ni saa 10, hivyo kozi ya krediti 12 ni saa 120. Usilinganishe namba za krediti za mifumo mitatu bila kuzigeuza kuwa saa. Krediti 3 zinaonekana chache kuliko 12, lakini saa zake ni nyingi zaidi.

Usomaji ndio unaokula zaidi. Kurasa 60 hadi 90 kwa wiki ni kawaida, na nyingi ni nadharia iliyoandikwa kwa Kiingereza kizito. Anayesoma kwa makini, akiandika pembeni, huenda kurasa 10 hadi 12 kwa saa. Kurasa 80 basi ni saa 7 au 8 kabla hujaandika sentensi hata moja. Mwenye kazi ya kutwa na familia asichukue kozi mbili za namna hii muhula mmoja, hata mshauri wa chuo akisema wengi huweza.

Kilichomo, na kilicho kizuri ndani yake

Mada hufanana toka chuo hadi chuo: upimaji wa kisomo, utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, vyeti vya kozi fupi, uhamiaji, kujifunza uzeeni, fedha za sekta, mabadiliko ya tabianchi, teknolojia. Juu yake huwekwa nadharia za watu watatu wasioepukika: Malcolm Knowles na dhana yake kwamba mtu mzima hujifunza tofauti na mtoto, Jack Mezirow na ujifunzaji unaobadili mtazamo, na Paulo Freire, Mbrazili aliyeona kisomo kuwa njia ya ukombozi. Kozi dhaifu huwasomesha watatu hao kama mitume. Kozi nzuri huanza na ugomvi juu yao. Knowles, kwa mfano, alianza kwa kuitenga elimu ya watu wazima na ya watoto mwaka 1970, na miaka kumi baadaye akakiri kuwa hizo ni ncha mbili za mstari mmoja. Mwanafunzi asiyejua hivyo atamnukuu Knowles wa 1970 kana kwamba ndilo neno lake la mwisho, na mhadhiri makini atamkata alama hapo.

Mada inayoitofautisha kozi nzuri na mbaya kwa uwazi kabisa ni upimaji wa kisomo. Takwimu za Tanzania zatosha kwa wiki nzima. Baada ya kampeni za miaka ya 1970, serikali ilitangaza mwaka 1986 kwamba wasiojua kusoma na kuandika wamebaki asilimia 9.6. Sensa ya 2012 ikaonyesha wanaojua ni karibu asilimia 78 ya wenye miaka 15 na zaidi, maana yake zaidi ya mtu mmoja kati ya watano hajui. Kozi mbaya itakwambia "hali ilishuka" na kuendelea na wiki inayofuata. Kozi nzuri itakuuliza kilichopimwa ni kitu gani. Mitihani ya kisomo ilikuwa na ngazi nne, na aliyefika ya tatu alihesabiwa amehitimu. Sensa huuliza swali tu mlangoni na kuandika jibu. Vijana waliokosa shule katika miaka migumu ya 1980 na 1990 hawakuwamo kwenye hesabu ya 1986. Tena wapo waliohitimu kisha wakasahau, kwa kuwa kijijini hakukubaki cha kusoma: magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho la Kanda ya Ziwa yalianzishwa kwa sababu hiyo hasa. Kila moja ya sababu hizo inadai sera tofauti. Ukiamini ya kwanza, utabadili mtihani. Ukiamini ya pili, utafungua madarasa ya vijana walio nje ya shule. Ukiamini ya tatu, utanunua vitabu.

Weka kando yake utafiti wa kitaifa wa Kenya wa 2006, uliowapa watu maswali ya kujibu badala ya kuwauliza tu kama wanajua kusoma. Ulipata asilimia 61.5 kitaifa, lakini Nairobi ikiwa na 87.1 na Kaskazini Mashariki 8.0. Wastani wa taifa hapo haumwambii ofisa wa Garissa kitu. Wiki mbili za kazi ya namna hii zinamfaa mtu wa wizarani kuliko muhula mzima wa fasili.

Utambuzi wa ujuzi nao hufundishwa vizuri mara nyingi, na kwa msomaji wa huku una mfano hai: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, hupima mafundi waliojifunzia gereji na kwenye maeneo ya ujenzi, na kuwapa vyeti bila kuwarudisha darasani. Swali la semina ni gumu na zuri: je, cheti kinapima anachokijua fundi, au kile cha mtaala kinachopimika kwa urahisi? Fundi anayesikia injini akajua tatizo ana ujuzi usioingia kwenye fomu ya mtathmini. Muulize mhadhiri kama kozi yake inasomesha fomu halisi ya upimaji. Wengine husomesha sera tupu.

Sehemu ya sera za kimataifa ni kavu lakini usiiruke. Mfululizo wa mikutano mikuu ya UNESCO, tangu Elsinore 1949 hadi Marrakech 2022, ndio unaokupa lugha ambayo wafadhili huandikia miito ya maombi. Hapa ndipo kasoro kubwa ya kozi za ng'ambo inapojitokeza. Afrika Mashariki huletwa wiki ya tisa kama mfano wa matatizo. Ilhali mwaka 1976 peke yake, Juni, Baraza la Kimataifa la Elimu ya Watu Wazima lilikutana Dar es Salaam na kuhutubiwa na Nyerere, na Novemba UNESCO ikapitisha Nairobi Pendekezo la maendeleo ya elimu ya watu wazima, ambalo ndilo lililorithiwa na lile la 2015. Utafiti shirikishi, unaofundishwa leo kama jambo la dunia, ulipikwa kwa sehemu kubwa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtafiti Budd Hall akiwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya Dar es Salaam. Ukiona muhtasari wa kozi hautaji lolote kati ya hayo, usiikatae kwa hilo tu. Panga kuandika insha yako ya mwisho hapo hapo, maana utakuwa na nyenzo ambazo darasa zima halina.

Akili mnemba imeingia kwenye kila kozi tangu 2023. Mara nyingi ni wiki moja iliyobandikwa juu juu, na usomaji wake huchakaa kabla ya muhula kwisha.

Wiki inavyokwenda

Ratiba ya kawaida ni hii: usomaji unafunguliwa Jumatatu, chapisho lako la kwanza la maneno 300 hadi 500 linatakiwa Jumatano au Alhamisi, majibu kwa wenzako wawili kufikia Jumapili. Katikati ya muhula kuna uhakiki wa makala wa maneno 1,500, na mwishoni insha ya suala moja ya maneno 4,000 hivi.

Jukwaa la majadiliano ndipo kozi nyingi hufia. Swali likiwa "una maoni gani kuhusu usomaji wa wiki hii?", watu ishirini wataandika muhtasari ishirini na kupongezana. Swali likiwa "wewe ni mkurugenzi wa halmashauri, una fedha za vituo vitatu tu, na takwimu hizi mbili zinapingana, utafungua wapi na kwa nini?", watu wataanza kubishana. Omba uone maswali ya jukwaa ya muhula uliopita. Chuo kinachojiamini kitakuonyesha angalau wiki moja.

Kuandika jukwaani kuna mbinu. Chapisha mapema, siku ya kwanza au ya pili, kwa kuwa machapisho ya mwanzo ndiyo yanayojibiwa. Anayechapisha dakika za mwisho huongea peke yake. Anza na dai moja, si muhtasari. Leta ushahidi mmoja wa kazini kwako, ukificha majina ya wanakisomo wako. Maliza na swali ambalo mtu wa Oslo au Lusaka anaweza kulijibu. Katika Moodle, mfumo wa kusomea mtandaoni unaotumiwa na vyuo vingi, mpangilio wa kawaida unakupa dakika 30 tu za kusahihisha chapisho. Baada ya hapo limekwenda kwenye barua pepe za wenzako jinsi lilivyo. Andika kwanza kwenye faili lako, kisha ubandike.

Saa za mwisho wa kuwasilisha huwaponza wengi zaidi kuliko ugumu wa somo. Mfumo huonyesha saa kulingana na eneo lililowekwa kwenye wasifu wako, na usipolibadilisha utaonyeshwa saa za seva. Siku ya kwanza, fungua wasifu, weka Nairobi au Dar es Salaam, hifadhi, kisha linganisha tarehe moja ya kuwasilisha na ile iliyo kwenye muhtasari wa kozi. Mwisho ukiwa 23:59 Jumapili kwa saa za Pennsylvania, kwetu ni Jumatatu asubuhi, saa moja kasoro dakika moja wakati wa majira yao ya joto, na saa mbili kasoro dakika moja wakati wa baridi. Marekani na Ulaya hazibadilishi saa katika wiki ile ile, kwa hiyo Machi na mwishoni mwa Oktoba tofauti hucheza tena. Na "00:00 Jumatano" ni usiku wa kuamkia Jumatano. Anayeisoma kuwa ni usiku wa Jumatano yenyewe huchelewa siku nzima.

Vikao vya moja kwa moja viulizie kabla. Kikao cha saa moja jioni mashariki mwa Marekani ni saa nane usiku kwetu, au saa tisa majira yakigeuka. Kozi ikiwa na vikao vya lazima vya namna hiyo, na hakuna rekodi wala kazi mbadala, achana nayo. Vyuo vya Sweden na Afrika Kusini vinatofautiana nasi kwa saa moja au mbili tu.

Mrejesho, ambao ndio bidhaa yenyewe

Mrejesho mzuri unatambulika. Unafika kabla ya kazi inayofuata kutakiwa, kwa kawaida ndani ya wiki mbili. Unagusa hoja, si sarufi tu. Una angalau sehemu moja inayosema "dai hili halitokani na ushahidi ulioutoa, kwa sababu hii". Na unakuambia kitu kimoja cha kubadilisha, siyo kumi na tano. Mrejesho mbaya ni jedwali la vigezo lenye tiki na maneno "kazi nzuri, boresha rejea".

Kabla ya kujisajili mwandikie mratibu wa programu umuulize: kundi moja lina wanafunzi wangapi kwa mhadhiri mmoja, anayesahihisha ni mhadhiri mwenyewe au msaidizi wa kukodi, mrejesho hurudi baada ya siku ngapi, na kama inaruhusiwa kuwasilisha rasimu ya insha ya mwisho. Kundi likivuka watu 25 kwa msomaji mmoja, tarajia jedwali la tiki. Ruhusa ya rasimu ina thamani kuliko vikao vyote vya video, kwa kuwa ndiyo nafasi pekee ya kurekebisha hoja kabla haijapewa alama. Jibu la mratibu lenyewe ni kipimo: akichukua wiki tatu kukujibu wewe ambaye bado hujalipa, ukishalipa hatakuwa mwepesi zaidi.

Kile ambacho chuo hakikupi, jiundie. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wapatao milioni mbili, na ilikuwa elimu ya masafa kabisa: redio, vijitabu, na vikundi vilivyokaa pamoja chini ya kiongozi aliyeandaliwa, viongozi kama 75,000. Redio peke yake isingefanya kazi ile. Wanafunzi watatu au wanne wa kozi moja, hata wakiwa nchi tofauti, wakikutana kwa saa moja kila wiki kusomeana aya mbili mbili za rasimu, hupata sehemu nzuri ya kile ambacho ada ilipaswa kuwapa. Zaidi ya watano huvunjika.

Insha ya suala moja

Hapa ndipo alama nyingi zilipo, na ndipo watu wetu wanapoanguka kwa namna ile ile. Wanaandika "Changamoto za elimu ya watu wazima Tanzania": uhaba wa fedha, uhaba wa wawezeshaji, uhaba wa vitabu, utoro. Hiyo ni orodha, na hakuna anayepinga orodha. Suala lina pande mbili zenye sababu, na watu makini wanaosimama kila upande.

Jaribu kwa hatua hizi. Chagua uamuzi mmoja uliofanywa na chombo kinachojulikana, wenye tarehe. Mathalani, Novemba 2021 serikali ya Tanzania iliruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito warudi kwenye shule za kawaida, huku njia mbadala ya masomo ya sekondari kupitia vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikiendelea. Kisha andika sentensi ya kila upande: njia mbadala inamfaa mama kijana kwa sababu ya muda na malezi, njia mbadala inamtenga na kumpa shule ya daraja la pili. Tafuta ushahidi ambao ungemfanya kila upande ubadili mawazo: matokeo ya mitihani, gharama kwa mwanafunzi, anayelea mtoto wakati wa kipindi. Ndipo uandike dai lako. Ukishindwa kuandika sentensi ya upande usioupenda kwa heshima, bado huna suala. Maneno 4,000 yatoshe kwa uamuzi mmoja. Ukijikuta unataja nchi tatu, punguza.

Rejea za ndani zinakubalika mahali pengi hata zikiwa za Kiswahili, mradi utafsiri kichwa cha habari na kueleza hati ni ya nini. Nyaraka za wizara, hotuba za bajeti na ripoti za halmashauri ni dhahabu, ila pakua nakala na uandike tarehe uliyoipata, maana tovuti za serikali hubadilishwa na viungo hufa.

Vyuo vingi hupitisha kazi kwenye Turnitin, programu inayotafuta maandishi yanayofanana na ya wengine. Asilimia ya ufanano siyo hukumu. Orodha ya rejea na majina marefu ya taasisi huipandisha yenyewe. La kuogopa zaidi ni vigunduzi vya akili mnemba. Utafiti wa watu wa Stanford wa 2023 ulionyesha vigunduzi saba vikizitilia shaka kimakosa zaidi ya nusu ya insha za TOEFL, mtihani wa Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Andika kwenye programu inayohifadhi historia ya matoleo, usiandike nje kisha ukabandika kurasa zote kwa mara moja, na tunza picha za maelezo yako ya mkono. Ukishukiwa, hayo ndiyo yatakayokutetea.

Bando, karo na vifaa

Mazungumzo ya sauti kwenye Zoom hula kama MB 27 hadi 45 kwa saa. Ukifungua video ya ubora wa kawaida kwenda na kurudi, kikao cha saa mbili kinavuka GB 1. Zima kamera yako, omba wengine wasikuone vibaya, uifungue wakati wa kuongea tu. Sura za vitabu zilizopigwa picha ndizo zinazoumiza: faili moja linaweza kufika MB 30, wakati makala ya kawaida haifiki 2. Programu ya Moodle ya simu inakuruhusu kupakua kozi na kuandika jukwaani ukiwa nje ya mtandao, kisha yote yakapanda ukipata mawimbi. Chemshabongo hazifanyi hivyo mpaka mhadhiri aruhusu. Simu inatosha kusomea na kujadili. Kuandikia maneno 4,000 yenye rejea kwa simu ni kujitesa. Tafuta kompyuta hata ya kuazima kwa wiki tatu za mwisho.

Kuhusu karo, kumbuka gharama zisizotajwa: mtihani wa Kiingereza, kutuma nakala rasmi za matokeo, makato ya benki kila unapotuma dola. Lipa kwa muhula mmoja mmoja badala ya kozi moja moja, makato yapungue. Kwa raia wa nchi zinazoendelea za Jumuiya ya Madola kuna ufadhili wa Uingereza wa uzamili kwa masafa. Unahusu kozi zilizoidhinishwa tu, kwa hiyo anza na orodha ya kozi ndipo uchague chuo.

Kwa ofisa anayeandika sera, mkufunzi wa wawezeshaji na mtu wa shirika anayeandika maombi ya fedha, tunaipendekeza kozi hii, mradi majibu ya mratibu kuhusu mrejesho yawe ya kuridhisha. Anayetaka mbinu za kufundisha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) kesho asubuhi asiinunue. Hazimo, na kozi fupi ya uwezeshaji itamfaa kwa gharama ndogo zaidi. Anayeifuata kwa ajili ya kupandishwa daraja tu achague chuo cha nyumbani, ada itakuwa nafuu na utambuzi hautakuwa na maswali.

Ukijisajili, andika kwenye kalenda tarehe ya mwisho ya kujiondoa na kurudishiwa ada. Mara nyingi huangukia wiki ya pili au ya tatu. Hakikisha kabla ya siku hiyo umeshawasilisha kazi moja ndogo na kumwomba mhadhiri maoni juu yake. Yasiporudi, au yakirudi kama tiki tupu, jaza fomu ya kujiondoa siku hiyo hiyo na uombe uthibitisho wa maandishi.